Klachi Kali

Neno "kali" nimelipiga marufuku gerejini kwangu. Nimeandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyeupe, juu ya rafu ya oili: HAPA HATUFUNGI KALI. Wapita njia wanadhani ni tangazo la kupinga pombe. Waache wadhani. Mimi nimechoka na hilo neno. Kisu kikali ni kile kinachokata vizuri, mbwa mkali ni yule anayeuma, jua kali linaunguza, mama mkali hataki mchezo, na siku hizi mtu akiona kitu kinachompendeza anasema ni kikali. Sasa mteja akija akaniambia, "Fundi, nifungie klachi kali," nielewe nini? Inayokata, inayouma, au inayopendeza? Nikimfungia inayouma, kesho yake anarudi anachechemea, foleni imemmaliza mguu. Nikimfungia inayopendeza, anasema nimemdhulumu. Lawama zote ni za fundi.

Ndiyo maana nikatengeneza kiti. Ni kiti cha gari bovu, nimekifunga kwenye fremu ya vyuma, na mbele yake kuna pedali moja tu, ya kushoto. Kutoka kwenye pedali kuna bomba la mafuta linalokwenda kwenye klachi ya kweli niliyoibana mezani. Nabadilisha klachi, mteja anakanyaga. Si kukanyaga mara moja halafu unasema nimeipenda, hapana. Unakaa, tunapiga soga, na wewe unakanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, kama mtu aliye kwenye foleni ya jioni. Mwanzoni wote ni wababe. Soga ikikolea, mguu unaanza kusema ukweli. Mdomo unaweza kudanganya mpaka kesho, lakini mguu hauna kipaji hicho.

Watu wananiita Spana. Mimi nasema ni kwa sababu ya kazi. Kaka yangu anasema ni kwa sababu sijawahi kuliona jambo limelegea nikaliacha hivyo hivyo. Nitamjibu siku nikipata nafasi.

Sasa, mteja ninayetaka kuwasimulia hakuwa mmoja wa wale vijana wa vioo vyeusi na muziki wa kutetemesha madirisha ya watu. Alikuwa wifi yangu, mke wa huyo huyo kaka, mwoka keki. Mwanamke mfupi, mpole wa sauti, nyusi zake hazikosi unga, na anaendesha gari ambalo hakuna kijana wa mtaa huu aliyewahi kulifukuza akaliona mbele yake kwa muda mrefu. Gari lenyewe jeupe, milango miwili, limekaa chini chini, turbo yake inapiga mluzi ukikanyaga mafuta. Viti vya nyuma tuliving'oa, tukaweka ubao uliofunikwa mpira ili keki zisiteleze. Kwa kuwa ni jeupe na linashinda kwenye harusi za watu, tunaliita Bi Harusi.

Bi Harusi alikuwa wa wifi kabla kaka yangu hajawa wake. Siku ya harusi yao, wifi aliendesha mwenyewe, gauni limejaa mpaka kwenye usukani, na bwana harusi ameketi kando ameshika maua. Kaka hajui gari la gia. Alijaribu zamani, akang'oa lango la jirani, akaapa. Yeye ni fundi miwani, mtu wa vitu vidogo na mwanga mzuri, anafuta kiti kwanza kabla ya kukalia.

Mimi na wifi hatukuanza vizuri, nisiseme uongo. Mawifi ni mawifi. Nilimwona ana maringo, yeye akaniona nina mdomo, na sote wawili tulikuwa tumeona sawasawa. Aliyetupatanisha ni Bi Harusi. Siku aliponiletea nimwongezee injini nguvu, nikamuuliza keki ina haraka gani, akanijibu kwamba keki haina haraka, mwenye haraka ni yeye. Nikampenda hapo hapo.

Basi mwaka jana akaanguka ngazini amebeba keki ya ghorofa tatu. Keki ilipona. Goti la kushoto halikupona. Alipasuliwa, akatembea na fimbo, kisha siku moja akaiegesha fimbo nyuma ya mlango na kutangaza kwamba amepona kabisa. Nani angembishia? Alirudi kwenye usukani, akarudi kwenye keki, akawa anacheka kama kawaida. Ila akiteremka garini alikuwa anashika mlango kwa muda zaidi kuliko zamani, na akijua unamtazama anajifanya anatafuta funguo.

Asubuhi aliyokuja, nilimsikia kabla sijamwona. Injini ya Bi Harusi ilikuwa inalia juu kabisa na gari lenyewe linakuja kwa hiari yake, kama punda aliyekasirika. Halafu ikaja ile harufu, ya kitu kilichoungua ambacho si chakula. Sikuhitaji kufungua boneti. Klachi ilikuwa inateleza. Injini inatoa nguvu, klachi haina tena uwezo wa kuishika na kuipeleka kwenye magurudumu, inasugua tu na kujiunguza. Ilikuwa ile ya kiwandani, na nguvu tulizoongeza zilikuwa zimeimaliza.

Akateremka, akashika mlango, akatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

"Wifi," akasema, "nifungie kali."

Nikamwonyesha ukuta. Akacheka, akasema yeye si mteja, ni ndugu, na ndugu hawasomeshwi kuta. Nikamwambia ndugu ndio wa kwanza kukaa kwenye kiti.

Nilimpangia mezani klachi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, mpya. Laini kama mto, lakini kwa injini ile ingekuwa imekufa kabla ya msimu wa harusi kwisha. Tukaiweka kando. Ya pili ilikuwa ya mashindano. Pleti yake, ile sahani inayoshikana na injini, haina kile kitambaa cha kawaida kinachosugua pole pole. Ina vipande vya shaba vinavyouma chuma na kukaa. Haitelezi hata ukiibembeleza. Lakini inashika ghafla, kama mlango uliobamizwa na upepo, na kuikanyaga ni kama kusukuma kabati lenye nguo za ukoo mzima.

Ya tatu ilikuwa ya pleti mbili. Badala ya pleti moja kubeba mzigo wote, zinabeba mbili, kwa hiyo springi yake haina haja ya kukaza hivyo. Inazimudu nguvu zote za Bi Harusi na bado inaachia taratibu. Ila ina kasoro moja: ukikanyaga pedali, zile pleti zinagongana humo ndani, kelele kama vijiko kwenye droo.

"Pleti mbili ni za wageni," wifi akasema, akakaa mbele ya ile ya mashindano.

Tukaanza soga. Akanisimulia habari za mama mmoja aliyeagiza keki yenye sura ya mwanawe, na sura ikafanana sana, watu wakaogopa kuikata. Nilicheka, lakini jicho langu lilikuwa kwenye goti. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Alikuwa anajikaza kisabuni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na hadithi ikaanza kupoteza maneno njiani. Nikageuka kuchukua kitambaa. Pale ukutani nimetundika kioo cha pembeni cha lori, najitazamia usoni kabla ya kwenda dukani. Ndani ya kile kioo nikamwona wifi yangu, mke wa kaka yangu, mama wa watoto wawili wanaonita shangazi, anaukunja mguu wa kushoto chini ya kiti na kuvusha wa kulia kwenye pedali.

Nilipogeuka alikuwa amekaa upande upande kama mtu anayepigwa picha, anakanyaga kwa raha zake.

"Umeona?" akasema. "Goti zima."

Kwa hulka yangu ningemuumbua palepale. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Lakini yeye akaendelea, na safari hii hakuwa anacheka. "Hii hii, wifi. Nikitoka hapa na klachi nyepesi kaka yako ataelewa, na Bi Harusi atauzwa."

Hapo nikajua mambo yamefika wapi. Kaka alikuwa ameanza wimbo wa kuuza gari tangu siku ya hospitali: tununue otomatiki, lisilo na pedali ya kushoto, lenye viti vingi, lenye akili. Wifi alikuwa amemjibu kwa neno moja tu, kwamba amepona. Neno hilo ndilo lililokuwa linalishikilia gari. Siku likianguka, Bi Harusi anaondoka. Na mimi namjua mwenzangu. Siku nzima anasimama mbele ya jiko kwa ajili ya sherehe za wengine. Mahali pake pa kupumua ni barabarani, gia ya tatu, dirisha wazi, mluzi wa turbo. Ukimnyang'anya hapo unamwachia moto na unga tu.

Nikamwambia aache gari. Sikumwambia nitafunga ipi, na yeye alikuwa na haraka ya kuondoka kabla goti halijaanza kusema.

Kesho yake, saa za chakula cha mchana, akaja kaka. Tai shingoni, miwani inang'aa. Kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha majaribio. Akakifuta, akakalia. Akaniuliza hali, akaisifu gereji kwamba siku hizi ni safi, nikajua huyu ana jambo. Kaka yangu akianza kusifu, shika pochi.

"Mdogo wangu," akasema, "nasikia unambadilishia klachi. Mfungie ile kali. Kali kabisa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza tangu lini anajua klachi. Akasema amesoma kidogo, na amemuuliza mteja wake mmoja mwenye gari kama lile, akaambiwa zipo ngumu ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivumilia. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Wifi ataikanyaga wiki moja, wiki mbili, atachoka mwenyewe, atasema basi tuuze. Hakuna ugomvi, hakuna kununiana, kila mtu amefurahi.

Jamani. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu angeyasikia angenitandika na utu uzima wangu huu. Nilimwambia kwamba mke si panya, hawekewi mtego. Nilimwambia kwamba mwanamume anayetaka jambo huliomba kwa mdomo wake, halitumi kwa springi. Nilimwambia na habari za lango la jirani, ambazo hazikuhusika, lakini zilikuwa karibu na ulimi. Yeye alikaa pale anatazama viatu vyake. Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililoninyamazisha, kwa sababu kaka yangu hujitetea hata akiulizwa saa ngapi.

Kisha akaniambia habari za mlima.

Ulikuwa ni ule mlima wa kupandia mjini, wenye taa za barabarani katikati, palipo pabaya. Walikuwa wanatoka kupeleka keki, foleni imesimama, inasogea hatua, inasimama tena. Wifi alikuwa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, halafu mara moja goti likagoma. Halikunyooka, halikukunjika. Gari likazima, magari yakaanza kupiga honi nyuma, na wifi akalaza kichwa kwenye usukani akalia. Si kilio cha maumivu tu, kaka akasema. Alikuwa analia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Mwishowe mpita njia mmoja, mwanamume asiyemjua, akafungua mlango, akamsaidia kuhamia kiti cha nyuma ambacho hakipo, yaani akakaa juu ya ubao wa keki, na huyo bwana akawaendesha mpaka kileleni. Wakamshukuru. Nyumbani wifi akamwapisha kaka kwamba hilo halisemwi tena. Halikusemwa.

"Mimi nilikuwa pale," kaka akasema. "Kando yake. Nimeshika boksi tupu la keki. Mke wangu analia, na mimi nimekaa kama mzigo. Siwezi hata kubadilishana naye kiti."

Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Nilimhurumia kaka yangu mpaka nikakasirika upya, safari hii bila kujua nimkasirikie nani. Kumbe hakuwa anaogopa gari. Alikuwa anaogopa kile kiti cha kando.

Hebu tazama. Watu wawili wanaopendana wamenijia mbiombio, mmoja leo, mwingine kesho, wote wananiomba klachi ileile kwa neno lilelile. Huyu anaitaka ili gari libaki, yule anaitaka ili gari liondoke. Na mimi ndiye wa kuwafungia. Kama ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka, lakini nilikuwa natazama kitu kingine. Wakati wote kaka anasimulia, mguu wake wa kushoto ulikuwa kwenye pedali. Mezani nilikuwa nimeibana ile ya pleti mbili, nilikuwa naisafisha kabla hajaja. Alikuwa anaikanyaga na kuiachia bila kujua, kama mtu anayechezea kifungo cha shati. Anakanyaga mpaka mwisho, anaachia pole pole, vijiko vinalia kwenye droo na kunyamaza. Taratibu, bila kushtuka. Mtu yule yule wa lango.

Nikamwambia nimemsikia. Akadhani nimekubali, akaniaga kwa heshima zote.

Kazi yenyewe niliifanya nikiwa na furaha ya ajabu. Niliishusha giaboksi, nikaitoa ile klachi ya zamani, imelika mpaka vichwa vya ribiti vimejitokeza, imekuwa ya buluu kwa joto. Nikatoa na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi huling'ang'ania, kwa sababu pleti mbili zinakuja na lake. Beringi mpya, mafuta mapya ya klachi, nikapima kila kitu kisha nikapima tena. Nilipomaliza nikakaa ndani ya Bi Harusi, nikakanyaga kwa mguu wa kushoto, goti langu likaniambia asante. Moyoni nilikuwa nasema: Spana, hapa umewadanganya watu wawili kwa mpigo, jiandae.

Nikawaita wote waje kwa wakati mmoja. Hilo lilikuwa kusudi langu. Kama ni kulipuka, kulipuke mbele yangu, kisha nifagie mara moja.

Wakaja. Wifi akaingia, akapumua kama mtu anayejiandaa kuinua gunia, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Pedali ikaenda mpaka chini bila ubishi, naye nusura aufuate mguu wake. Nyuma ya injini vijiko vikalia ndani ya droo. Akaachia. Kimya. Akakanyaga tena, pole pole. Vijiko.

"Wifi," akasema, "hii siyo niliyoagiza."

"Wala siyo niliyoagiza mimi," kaka akasema.

Ulimi hauna mfupa. Maneno yalimtoka, akayatazama yanavyokwenda, akakosa pa kuyashikia. Wifi akageuza shingo taratibu sana. Mimi nikachukua ufagio.

Alimuuliza yeye aliagiza ipi. Kaka akanitazama mimi. Nikaendelea kufagia. Ikabidi aseme, na kwa hilo namsifu, alisema yote: ile ngumu, wiki mbili, achoke, tuuze. Wifi alikaa na mikono kwenye usukani, uso umemkauka. Akasema kweli kikulacho ki nguoni mwako. Akasema yeye alikuwa anaogopa wezi wa magari, kumbe mwizi analala ubavuni kwake na kumuuliza kama amefunga mlango. Kaka hakuinua kichwa. Nilimwonea huruma, lakini nikasema moyoni, na ainywe.

"Sikutaka gari liuzwe," kaka akasema mwishowe. "Nilitaka usilie tena pale mlimani na mimi nimekaa kama mzigo. Hilo tu. Nilishindwa kulisema, nikatafuta klachi iliseme."

Wifi akateremsha mkono mmoja kutoka kwenye usukani. Nikaona ameshika goti kwa mkono, waziwazi, bila kutafuta funguo.

"Linauma," akasema. "Si kila siku. Lakini siku likiuma, linauma sana. Hata kwenye kile kiti niliibia, wifi, nilitumia mguu wa kulia."

Nikamwambia nilimwona kwenye kioo, na kwamba kwa uzuri wa pozi lile angekuwa mwigizaji. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye kilikuwa kimeshamuumbua mbele ya foleni nzima ya mjini. Akataka kunikasirikia kwamba nimemwonea huruma, kwamba yeye si mgonjwa wa kufungiwa klachi ya wagonjwa. Hapo na mimi hasira zikapanda. Nikamwambia huruma sina, muulize yeyote. Klachi ile ingeweza kuvuta gari lenye nguvu kuliko lake. Haikuwa dhaifu, ilikuwa imegawana kazi, na kama hataki kitu kilichogawana kazi basi amwache na mumewe.

Wote wawili wakanitazama mkononi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimemnyooshea mtu ufagio.

Kisha nikamfungulia wifi mlango, nikamwomba ahamie upande wa pili. Na kaka nikamwelekeza kwenye usukani. Akasema hawezi. Nikamwambia alishaweza, siku ile anasimulia mlima mguu wake ulifanya mazoezi kuliko wanafunzi wa udereva, na kwamba ile ya mashindano ndiyo ingemshinda, maana haisamehi, lakini hii inamsikiliza mtu. Akafuta kiti. Akakalia.

Nyuma ya gereji kuna uwanja wa kuegeshea magari mabovu. Alizima mara nyingi, wala sitazihesabu kwa heshima ya marehemu baba yetu. Alilirusha gari kama chura, akalingurumisha, akalisimamisha mbele ya lori lililokufa zamani na kuliomba radhi. Lakini klachi ilimvumilia. Na wifi, ambaye nilidhani atapiga kelele kwa ajili ya Bi Harusi wake, alikaa kiti cha kando anasema kwa ile sauti yake ya keki, pole pole, sikiliza, bado, bado, sasa. Ilipofika jioni walizunguka uwanja mzima bila kuzima. Tukawekeana sharti moja tu: goti likiuma, linasemwa. Likisemwa, anaendesha mwingine. Lisiposemwa, nang'oa klachi yangu.

Jumamosi moja ya harusi, baada ya jioni nyingi za mazoezi, simu ikaniita asubuhi. Wifi. Hakunisalimu.

"Leo limevimba," akasema. "Anaendesha kaka yako."

Kusema kweli nilikaa chini. Mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akilitamka hilo bila kubanwa.

Niliwafuata na pikapu yangu, nimebeba stendi za keki. Huko mbele Bi Harusi alikuwa anakwenda kwa adabu ambayo sijapata kuiona, kila kona anawasha taa mapema mno. Keki ya chini na ya kati zilikuwa kwenye ubao. Ile ya juu, ndogo, wifi alikuwa ameipakata. Tukafika mlimani. Palepale kwenye taa, palipo pabaya, foleni ikasimama, na Bi Harusi akasimama, mgongo wake umenielekea mimi.

Taa ya kijani ikawaka. Bi Harusi akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena kidogo. Boneti yangu ikawa karibu kumgusa, na nyuma yangu mtu wa lori dogo akaanza kupiga honi. Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia jambo kuhusu honi yake na mahali pa kuihifadhi, akaacha. Kisha nikarudi kutazama mbele, nimeshika usukani wangu kana kwamba ningeweza kumsaidia. Nilijua kinachoendelea mle ndani. Breki ya mkono iko juu. Mguu wa kushoto unapanda. Bado, bado.

Sasa. Bi Harusi akainama nyuma kidogo, akashika, akapanda. Pole pole, moja kwa moja mpaka kileleni, bila kuruka, bila kuzima. Nikajikuta nalia peke yangu ndani ya pikapu, mtu mzima na stendi zangu za keki.

Kwenye ukumbi kaka aliteremka shati limemganda mgongoni na miwani imejaa ukungu. Wifi alibaki kwanza kitini na keki yake mapajani, haina hata ufa, anacheka.

"Leo mzigo nilikuwa mimi," akasema.

Kaka akaja kwangu anatweta kana kwamba amelisukuma gari. Akanishika mabega yote mawili, jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana nguo zangu zina oili.

"Mdogo wangu," akasema, "hii klachi ni kali."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nyuma yake wifi alikuwa ameshateremka, amemfikia, anamfuta jasho shingoni kwa aproni yake nyeupe.

"Ndiyo, kaka," nikamwambia. "Kali kabisa."